Anayevusha kontrola za DJ ajue anachouza

Jumamosi, saa mbili usiku, ukumbi umejaa. Maharusi wako mlangoni, mshereheshaji ameshawaomba watu wasimame, na DJ kijana aliyepata kazi yake ya kwanza ya kulipwa anasogeza feda ili aingize wimbo wao. Rumba iliyokuwa ikiwaburudisha wageni inaendelea kana kwamba hakuna aliyegusa kitu. Taa za mashine zinawaka rangi zote, sahani zinazunguka chini ya vidole vyake, lakini kompyuta haimsikii. Anafunga programu, anaifungua upya, mambo yanatulia, na baada ya dakika kumi mashine inagoma tena. Ukumbi mzima unaamini ameuziwa kitu kibovu. Mashine ni nzima kabisa. Kilichokosekana ni leseni ya programu, na aliyemuuzia hakumwambia kwa sababu naye hakujua.

Usiku kama huo unaweza kuwa Moshi, Kisumu, Mbarara au Gitega, maana mashine hizi hupita katika mikono ile ile. Zinatoka Guangzhou au Dubai, zinashushwa Kariakoo au Luthuli jijini Nairobi, kisha mfanyabiashara mdogo anazifunga kwenye blanketi na kupanda nazo basi kuelekea mpakani. Huyo wa mwisho ndiye anayekutana na mteja uso kwa uso, na ndiye anayepigiwa simu saa mbili na nusu usiku. Jina linaloharibika ni lake, si la kiwanda.

Tatizo ni kwamba kontrola inauzwa kama pasi au televisheni: unaichomeka, inawaka, biashara imekwisha. Mteja anahesabu taa na vitufe, winga anamsifia ukubwa, bei inashushwa kidogo, mashine inaondoka. Lakini kontrola haina muziki ndani yake. Muziki uko kwenye kompyuta, ndani ya programu kama Serato, rekordbox, VirtualDJ au Traktor. Kontrola ni mikono tu. Inapeleka ishara kwa programu kwa MIDI, lugha ya vyombo vya muziki vya umeme iliyoanza mwaka 1983, na programu ndiyo inayofanya kazi. Kununua mikono bila kuuliza itaunganishwa na mwili gani ni biashara ya kubahatisha.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya bei ni hili: mashine hii inafungua programu ipi, na inaifungua kwa kiasi gani? Zipo kontrola ambazo zenyewe ni ufunguo. Pioneer DJ DDJ-FLX4, inayopendwa sana na wanaoanza, ikichomekwa kwenye kompyuta inafungua sehemu ya kupigia muziki ya rekordbox bila malipo ya ziada. Mashine hiyo hiyo ikichomekwa kwenye Serato inafungua toleo dogo la Lite tu. Anayetaka Serato DJ Pro analipia. Kaka yake mkubwa, DDJ-FLX10, anafungua rekordbox na Serato DJ Pro zote mbili. Numark Mixtrack Pro FX nayo inakuja na Serato DJ Lite, na Pro ni ya kulipia. VirtualDJ, inayopendwa sana na madijei wetu wa sherehe na wa baa, ni ya bure kwa anayejifurahisha nyumbani kwa kipanya na kibodi. Anayeunganisha kontrola bila leseni anapewa muda mfupi wa majaribio kila anapoifungua, na anayelipwa kwa kazi yake anatakiwa awe na leseni ya kitaalamu. Hapo ndipo dakika kumi za yule kijana zilipotoka.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Ulaya, huku kwetu kila mtu ana programu iliyovunjwa kufuli kwenye flashi. Ni kweli wapo wengi. Lakini mfanyabiashara aitazame hoja hiyo kwa jicho la duka, si la mahubiri. Programu iliyovunjwa kufuli mara nyingi ni toleo la zamani, na toleo la zamani haliitambui kontrola iliyotoka baada yake. Mteja anarudisha mashine mpya akidai haifanyi kazi, muuzaji anampa nyingine, nayo haifanyi kazi. Siku mbili zimepotea, nauli imepotea, na mashine zote mbili ni nzima.

Soko lenyewe pia halifanani kutoka mpaka hadi mpaka, na hili mfanyabiashara anayevuka ana nafasi ya kulijua kuliko mwenye duka aliyekaa mjini. Nairobi ni mji wa picha: baa zina skrini, matatu zina skrini, na DJ anayechanganya nyimbo pamoja na video zake anatafuta mashine itakayoelewana na VirtualDJ au programu nyingine yenye uwezo wa video. Kijana wa Kampala au Kigali anayeota kupiga kwenye klabu kubwa anatazama upande mwingine. Klabu nyingi zimefunga mashine za Pioneer zinazosoma nyimbo zilizotayarishwa kwa rekordbox na kuwekwa kwenye flashi, kwa hiyo anachojifunza nyumbani kwenye kontrola ya rekordbox anakwenda nacho klabu. Anayepeleka mzigo wa aina moja pande zote mbili atauza upande mmoja na kubaki na maboksi upande wa pili.

Baada ya leseni ndipo ubora wa mashine yenyewe uangaliwe, na hapo macho yahame kutoka kwenye taa yaende kwenye feda ya kasi, ile ndefu iliyo pembeni ya sahani. Ni kitu kidogo kinachotenganisha kifaa cha kazi na mwanasesere. Ishara ya kawaida ya MIDI ina ngazi 128 tu. Feda ya kasi ikiwekwa kwenye upana wa asilimia 8 juu na 8 chini, asilimia 16 zinagawanywa kwa ngazi hizo 128, na kila ngazi inakuwa asilimia 0.125. Kwa wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, ngazi moja ni pigo 0.15. DJ anayehitaji kasi iliyo katikati ya ngazi mbili hawezi kuipata. Akikosea kwa nusu ngazi tu, baada ya dakika tatu nyimbo zake mbili zimeachana kwa karibu robo ya pigo, na robo ya pigo hata mpishi aliye jikoni anaisikia.

Sasa ipeleke mashine hiyo hiyo Dar es Salaam kwenye singeli, muziki unaopita mapigo 200 kwa dakika, ambako DJ anaufungua upana wa feda hadi asilimia 50 kila upande ili aukimbize wimbo anavyotaka. Asilimia 100 kwa ngazi 128 ni karibu asilimia 0.8 kwa ngazi moja. Kwa mapigo 200, kila feda inaposogea kiduchu kasi inaruka pigo moja na nusu. Hapo hakuna ustadi wa vidole utakaosaidia. Kontrola nzuri hutuma ishara za feda hiyo kwa jozi, na ngazi zinakuwa 16,384. Mnunuzi hahitaji kuwa fundi ili ajue ipi ni ipi. Aunganishe mashine dukani, afungue upana wa feda, aisogeze polepole kama anayepakua asali, na atazame namba ya kasi kwenye skrini. Ikitiririka, ni nzuri. Ikiruka kama chura, airudishe kwenye boksi.

Utetezi unaosikika madukani ni kwamba siku hizi kuna kitufe cha sync: unakibonyeza, kompyuta inalinganisha nyimbo, feda ya nini? Kitufe hicho kinafanya kazi vizuri kwenye muziki uliotengenezwa kwa kompyuta, bongofleva ya leo, amapiano, gengetone. Lakini eneo hili halichezi muziki huo peke yake. Mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ingawa rumba yake ilikuwa imevuka mipaka yote miaka mingi kabla ya bendera. Rumba ya zamani, taarabu ya zamani, na dansi la Dar es Salaam la miaka ya 1970 na 1980 vilirekodiwa na watu waliopiga ngoma kwa mikono yao, na mpiga ngoma akifika kwenye sebene damu inachemka, anaongeza kasi kidogo. Kompyuta inachora mistari ya mapigo iliyonyooka, wimbo wenyewe haujanyooka. DJ aliyekabidhi kila kitu kwa sync ataharibu sebene mbele ya wazee wanaolijua noti kwa noti. Anachohitaji ni sahani inayosikia mguso mdogo wa kidole, ili asukume au azuie wimbo kidogo kidogo. Kwenye sherehe za ukanda huu, sahani nzuri ina thamani kuliko vitufe kumi na sita vya kupigia milio ya honi.

Sahani nayo hujaribiwa pale pale dukani. Wimbo ukipigwa, iguse juu: usimame papo hapo. Iachie: uendelee papo hapo. Izungushe robo mzunguko mbele, uirudishe mpaka alama ilipokuwa. Sauti nayo irudi mahali pale pale. Kama wimbo umebaki nyuma au umetangulia, sahani inapoteza hesabu. Isukume pembeni kwa kidole uone kama inacheza kama gurudumu la baiskeli lililolegea.

Kuchelewa kwa sauti ni jambo jingine linalolaumiwa kwa mashine wakati kosa liko kwenye kompyuta. Sauti inapopita kwenye kompyuta inakusanywa kwa mafungu. Fungu la sampuli 256, kwa kiwango cha sampuli 44,100 kwa sekunde, linachelewesha sauti kwa karibu milisekunde 6, na hakuna anayeona tofauti. Fungu la 1,024 linachelewesha kwa milisekunde 23, na DJ anayekwaruza anaanza kuhisi anavuta kamba iliyolegea. Kompyuta dhaifu haimudu mafungu madogo, sauti inakatikakatika. Kwenye Windows inafaa pia kuwekwa programu ya kiendeshi ya ASIO iliyotolewa na mtengenezaji wa kontrola. Muuzaji anayeifahamu hatua hiyo moja ataokoa mashine nyingi zisirudishwe.

Zinakuja sasa zile sehemu ambazo hakuna anayezitazama dukani kwa sababu ziko nyuma ya mashine.

Kontrola iwe na kadi yake ya sauti, yenye njia mbili: moja ya ukumbi, nyingine ya hedifoni. Bila hiyo DJ hawezi kusikiliza wimbo unaofuata wakati ukumbi unasikia uliopo, labda anunue waya wa kugawa unaopeleka upande mmoja wa sauti ukumbini na mwingine masikioni, na ukumbi unabaki na nusu ya muziki. Mashine nyingi za bei nafuu zinatoa sauti kwa RCA, zile tundu mbili, nyekundu na nyeupe. FLX4 ni mojawapo. Kwa chumbani au baa ndogo inatosha. Kwa uwanja ambako mkuzasauti uko mita 20 kutoka kwa DJ, waya mrefu wa RCA unakusanya mngurumo wa umeme njiani. Dawa ni mashine yenye XLR, ile plagi nene ya pini tatu, au kuweka mikisa ndogo karibu na kontrola na kutoka hapo kwa XLR. Muuzaji anayefunga kontrola ya RCA na mikisa ndogo kama mzigo mmoja anauza vitu viwili na kumpunguzia mteja lawama moja.

Kisha kuna maiki. Mapitio mengi ya mashine hizi yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani wanaopiga kwenye klabu ambako DJ haongei na mtu. Huku kwetu DJ anaishi kwa sherehe: kitchen party, send-off, ruracio, kwanjula, harusi, kipaimara. Sherehe hizo zina mshereheshaji, mchungaji au shehe, mjomba mwenye hotuba ndefu, na shangazi anayepokonya maiki bila kuomba. Kontrola yenye tundu moja la maiki lisilo na kitufe cha besi na treble inamlazimisha DJ kutafuta mikisa nyingine. Kwa soko letu, matundu mawili ya maiki yenye marekebisho yake yana faida kuliko deki nne. Ajabu ni kwamba deki nne ndizo zinazotajwa kwanza kwenye tangazo, na maiki haitajwi kabisa.

Umeme nao una mipaka yake. Kontrola ndogo zinakula umeme wa USB kutoka kwenye kompyuta. Waya ukiwa mrefu au tundu likiwa limelegea, mashine inazimika na kuwaka katikati ya wimbo. Zinazotumia chaja yake zisomwe maandishi madogo ya chaja: ikiandikwa 100–240V, iko salama. Mashine kuukuu zilizotoka Marekani, hasa mikisa za zamani, nyingine zina transfoma ya ndani ya volti 120 tu, na ukiichomeka kwenye umeme wetu wa volti 240 utapata moshi kabla ya muziki. Plagi yenye pini tatu za bapa ya Nairobi na Kampala haiingii kwenye soketi za pini za mviringo za Kigali na Bujumbura. Ni jambo dogo, lakini mfanyabiashara anayeweka adapta ndani ya boksi anaonekana mtu anayejua anakokwenda.

Kuhusu mashine kuukuu, haifai kuzikataa zote. Kontrola nzuri iliyotumika miaka mitatu inaizidi mpya ya hovyo, mradi vitu viwili vihakikishwe. Cha kwanza ni leseni: zipo mashine ambazo programu yake ilikuja kwa namba ya kadi, au ilisajiliwa kwa jina la mnunuzi wa kwanza kama ilivyo kwa Traktor inayokuja na kontrola za Native Instruments. Mwenye mashine asipoihamisha leseni, anayeinunua anapata mikono bila mwili. Cha pili ni krosifeda, ile ya kulala inayohamisha sauti kutoka wimbo mmoja hadi mwingine. Vumbi la barabara zetu linaingia ndani yake. Isukumwe mpaka mwisho upande mmoja na wimbo wa upande wa pili uachwe ukipiga. Kama unasikika kwa mbali, feda inavuja. Kwenye mashine kubwa kama DDJ-1000 krosifeda ni ya sumaku, haina sehemu zinazosuguana, na hudumu. Kwenye mashine ndogo ni ya kusuguana na itachoka, kwa hiyo ni busara kuuliza kama kipuri kinapatikana kabla ya kuuliza rangi.

Mpaka sasa hayo yote yanaweza kujibiwa dukani kwa nusu saa. Yaliyobaki yanajibiwa mpakani, na ndiyo yanayowaumiza wengi.

Wafanyabiashara wadogo wa Namanga, Busia, Mutukula na Rusumo wanaujua utaratibu uliorahisishwa wa biashara: mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, cheti rahisi cha uasilia, na safari inaendelea. Utaratibu huo umewasaidia akina mama wengi wanaovusha mchele, maharage na vitenge vya viwanda vya ndani. Lakini cheti hicho ni cha bidhaa zilizotengenezwa ndani ya jumuiya. Kontrola iliyoundwa Asia haiwi ya Kenya kwa sababu imelala wiki mbili kwenye rafu ya Luthuli. Risiti ya duka la Nairobi inaonyesha kwamba mtu amenunua. Haionyeshi kwamba ushuru wa nchi anakoipeleka umelipwa. Mfanyabiashara anayefika dirishani akiamini thamani ndogo ya mzigo wake inatosha anajikuta akibishana na afisa ambaye, kwa sheria, hajakosea.

Bidhaa za nje ya jumuiya zinatozwa kwa ushuru wa pamoja wa forodha, ambao ulianza mwaka 2005 ukiwa na viwango vya asilimia 0, 10 na 25, na Julai 2022 kikaongezwa cha asilimia 35. Juu yake inakuja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16 Kenya, 18 Uganda na Rwanda, na 18 ikiwa kiwango cha kawaida Tanzania Bara. Kontrola inaangukia kiwango gani inategemea inavyoainishwa, na uainishaji unaanzia kwenye maneno ya ankara. Ankara iliyoandikwa "vifaa vya kompyuta", au mbaya zaidi "toys", kwa nia ya kupunguza ushuru, inamgeuka mwenye mzigo siku boksi likifunguliwa. Ni nafuu kumuuliza wakala wa forodha kabla ya kununua, akiwa na jina kamili la mashine na picha yake, kuliko kumuuliza mzigo ukiwa tayari kwenye ghala la forodha unalipiwa kila siku.

Njia za panya zipo na kila mtu anazijua. Mbali na sheria, kwa bidhaa hii zina hasara yake ya pekee. Kontrola iliyofungwa nyuma ya bodaboda na kupitishwa kwenye makorongo usiku inafika na feda zilizopinda. Na ikifika salama, haina karatasi. Mteja akitaka kuirudisha dukani Nairobi kwa matengenezo, anairudishaje mashine ambayo kwenye vitabu haijawahi kutoka?

Hapo ndipo lilipo jeraha kubwa la biashara hii: dhamana inafia mpakani. Duka la Nairobi linatoa mwaka mmoja, lakini linataka mashine iletwe dukani, na mteja yuko Singida. Mfanyabiashara aliyeivusha anajikuta katikati, analipa nauli mara mbili au anazima simu. Wengi huzima simu, na mteja anakimbilia kununua kwa mtu asiyemjua kwenye mtandao, kwa bei ya juu, kwa sababu tu huyo amemwahidi kumrudishia fedha.

Makubaliano ya maandishi kati ya duka na mfanyabiashara yangeondoa sehemu kubwa ya maumivu hayo. Yaandikwe mambo matatu: mashine ilijaribiwa mbele ya nani na siku gani, ikigoma ndani ya siku 30 nani analipa usafiri, na namba ya mashine iliyo chini ya tumbo lake ni ipi. Namba hiyo iandikwe pia kwenye ankara na kwenye tamko la forodha. Mashine inayorudi Kenya kwa matengenezo itangazwe forodha inapotoka, ili ikirejea isihesabiwe kama mzigo mpya. Vivyo hivyo kwa DJ anayevuka na mashine yake kwenda kupiga harusi upande wa pili: afuate utaratibu wa uingizaji wa muda, awe na risiti, na namba ilingane. Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani, ambavyo vimepigania vizuri masuala ya nafaka na mayai, vingeweza kuweka fundi mmoja wa vifaa vya sauti kila upande wa mpaka wenye biashara kubwa. Krosifeda ya kubadilisha inaingia kwenye bahasha. Basi la usiku linaifikisha Mwanza asubuhi. Hakuna sababu ya mashine nzima kusafiri kwa ajili ya kipande cha ukubwa wa kidole.

Mtu atauliza: na yule mteja mwenye fedha kidogo, anayetaka tu kitu cha kujifunzia chumbani? Auziwe mashine ndogo, na aambiwe ukweli kwamba ni ya chumbani. Hakuna ubaya katika kifaa kidogo kilichouzwa kwa jina lake. Ubaya ni kukiita cha kazi, kumwacha kijana akichukua malipo ya awali ya harusi, halafu ajue tofauti mbele ya wageni mia tatu.

Mwenye mtaji wa kununua kontrola kumi za taa nyingi anunue nne zinazofungua programu kamili, zenye feda inayotiririka, maiki inayorekebishika na karatasi zinazolingana na namba zake. Aende dukani na kompyuta mpakato yenye programu ambayo wateja wake wanaitumia, hedifoni, maiki moja, na wimbo mmoja wa rumba anaoujua kwa moyo. Muuzaji akimkatalia kujaribu, Luthuli ni ndefu na Kariakoo ina mitaa mingi.